Kinywa Namba Sabini

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu, kifungua mimba wetu,

Najua utaigeuza bahasha hii mara tatu ukijiuliza nani kafa. Hajafa mtu. Simu ndiyo nimeiacha. Ilikuwa inapata joto hata nisipoishika, nikaizima na kuifungia kwenye mkebe wa nta. Barua ni nzuri zaidi. Ukishaigundisha imefungwa, na aliyeifungua utamjua.

Mama hajambo. Anameza dawa zake za presha, analalamika kuwa nyumba nzima inanuka plasta, na jirani yetu mshonaji anakuja kila siku kumpa umbea wa mtaa mzima. Mimi kazi ninayo, tena nyingi. Rafu ya ukuta wa nyuma imejaa vinywa vya plasta vya watu nisiowajua: taya la juu na taya la chini, vimefungwa pamoja kwa mpira, namba nyuma, jina hakuna. Madaktari wa meno wananiletea kwa maboksi, nami nawachongea watu meno ya kutafunia. Kazi ya kukaa kimya na kuangalia mapengo ya wenzako, nani hataipenda?

Sasa nina swali, na nataka unijibu kama muuguzi, si kama dada. Ulipokuja mwezi wa kwanza ulikuta msokoto kwenye mfuko wa koti langu la kazi, ukanuna mpaka ukapanda basi. Hukuniuliza kitu. Basi nakwambia mwenyewe: navuta bangi. Nilianza nikiwa na miaka kumi na mitano, nikaacha, nikarudi. Mgongo unauma kwa kuinama, na bila hiyo usingizi siupati. Mtaani mmoja anakwambia ni dawa ya kila kitu, mwingine anakwambia ukivuta leo kesho unaokota makopo. Wote hawajasoma. Wewe umesoma. Niambie yaliyo kweli, kama unavyomwambia mgonjwa aliyelipia kitanda.

Jambo jingine dogo, la kukuchekesha. Siku tatu mfululizo, saa nane mchana, mtaa ukishatulia, nakuta kinywa namba sabini kiko wazi. Mpira uko pembeni, haujakatika. Umevuliwa tu.

Ndimi mdogo wako,
Kitinda

*

Jumapili, 9 Machi

Kitinda wangu,

Kwanza nisamehe kwa kununa. Kununa si dawa, na mshahara silipwi kwa hilo.

Umeuliza kama mtu mzima, nakujibu hivyo hivyo. Bangi ina kemikali inayoitwa THC. Ndiyo inayolewesha, na bangi ya siku hizi mara nyingi inayo nyingi kuliko ile waliyovuta wazee. Ukivuta, dakika chache moyo unaanza kwenda mbio. Mtu mwenye moyo mbovu anaweza kupata shida hapo hapo. Ukiila, inachelewa hata muda wa saa mbili, ndiyo maana watu huongeza wakidhani haijafanya kazi, halafu wanaletwa kwetu wakitetemeka na kuapa kuwa wanakufa. Moshi wake una uchafu mwingi ule ule wa sigara. Kikohozi, makohozi, kifua kubana. Midomo inakauka, na mdomo mkavu unaoza meno, hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Kichwani inagusa kumbukumbu, umakini na wepesi wa mkono. Wewe unashika mashine inayozunguka, kwa hiyo usinichekee hapo. Usingizi mwanzoni inakuletea, kisha inakudai: ukiizoea, bila hiyo hulali, na ukilala unaota vibaya. Katika watumiaji kumi, angalau mmoja inamshika asiweze kuiacha kirahisi; wengine wanasema hata watatu. Wanaoanza wakiwa vijana wadogo ndio inaowashika zaidi, kwa sababu ubongo bado unajengwa. Ni kweli pia kwamba madaktari huitumia kwa maradhi machache, kwa kipimo. Na ni kweli kuna watu wanavuta miaka na usione tofauti. Sikufichi.

Kuna wengine inawafanya waone na kusikia yasiyokuwepo, au waamini kwamba wanafuatwa. Si wengi. Ila wapo.

Kinywa namba sabini ni Mama huyo, anapangusa vumbi. Unamjua hawezi kuona kitu kimefungwa asikifungue. Na simu ikipata moto peke yake hiyo ni betri, mpelekee fundi.

Nijibu swali moja, nami kama muuguzi: unasikia sauti yoyote?

Dada yako

*

Alhamisi, 20 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma mara sita. Nimekuelewa kifua, nimekuelewa usingizi. Kuhusu kumbukumbu sikubaliani, ila nimesahau nilitaka kukupinga kwa hoja gani. Cheka basi.

Nimepunguza. Zamani misokoto minne kwa siku, sasa miwili, na siku nyingine mmoja na nusu. Kidole cha shahada nimekichubua kwenye mashine ya kung'arisha, kidogo tu, Mama amekifunga.

Si Mama anayekifungua. Nilimfungia nje ya chumba cha kazi siku nzima, funguo shingoni mwangu. Saa nane kamili mpira ukawa mezani.

Umeniuliza kama nasikia sauti. Nasikia moja. Ni ya namba sabini. Ni ya mtu mzima wa kiume, mpole, anayeongea karibu sana na sikio. Kinywa chenyewe hakina meno juu, chini yamebaki matatu, na kaakaa limechongoka katikati kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mteja yeyote. Nimelipapasa mno kwa kidole gumba. Kila siku anasema neno lile lile:

«Usimeze. Wanahesabu.»

Basi. Haongezi. Mwanzoni nilicheka, nikamwambia mzee, wewe huna hata cha kutafunia, unaogopa kumeza nini? Lakini ukiambiwa neno kila siku unaanza kulichunguza. Nimeanza kusikia koo langu mwenyewe. Ukikaa kimya utajua ni mara ngapi kwa saa mtu anameza mate. Nani asingeweza kuhesabu?

Jana mezani nilimhadithia Mama kwa mzaha. Aliangusha kijiko. Alinitazama, akainuka, akaenda kukaa chumbani kwake mpaka asubuhi. Mama ana jambo analijua, Dada. Wewe pia unalijua? Naona umeandika «ila wapo» halafu ukaruka mstari.

Kitinda

*

Jumamosi, 22 Machi

Kwa binti yangu,

Natumai barua hii itakukuta salama. Nakuandikia kwa mkono wangu, uvumilie mwandiko. Nimempa mshonaji aipeleke posta kwa siri.

Mdogo wako amelitamka lile neno. Amelitamka lilivyo, kwa sauti ile ile ya upole. Miaka ishirini na mitano sijalisikia katika nyumba yangu. Mara ya mwisho lilitoka kwa baba yenu mdogo, siku ile alipokataa chakula na kumnyang'anya mtoto kikombe, na marehemu baba yenu akamchukua kumpeleka huko uliko.

Mwanangu, nilikulisha kiapo ukiwa na miaka kumi na minne. Tuliwaambia watu shemeji yangu amekwenda kufanya kazi ng'ambo. Mdogo wako alikuwa na miaka minne, alikua akiamini hivyo, na mpaka leo anadhani baba yake mdogo ni mtu aliyetajirika akatusahau. Nilifanya hivyo kwa ajili yenu. Nyumba ikijulikana ina mwenda wazimu, nani atakuja kuposa?

Wewe ulipokwenda kufanya kazi katika hospitali hiyo hiyo nilikasirika, kisha nikashukuru kimoyomoyo kwamba ana mtu wa damu yake. Nakuomba usimwambie mdogo wako. Mwambie aache hayo majani, aombe Mungu, yatapita. Anakonda. Chai anaimwaga.

Mama yako

*

Alhamisi, 27 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa mshonaji akupe mkononi. Barua hupotea njiani, kwa hiyo nitazungumza kwa namna yetu.

Mama, niruhusu nivunje kiapo. Sijalala tangu niliposoma barua yako. Haya anayovuta Kitinda ni hatari kwa mtu yeyote akizidisha, lakini kwa mtu mwenye damu ya yule wetu wa huku ni hatari mara nyingi zaidi. Nililijua hilo nilipomwandikia, nikaliruka kwa sababu yako. Muuguzi mzima nimempa mgonjwa maelezo yote nikamwachia nje lile moja linalomhusu.

Na kuna kingine, sijui nikwambieje. Kinywa nilikituma mimi. Daktari wa meno anayezunguka alipita wodini mwezi wa pili akachukua vipimo. Niliona boksi linaandikwa namba bila jina, nikamwomba alipeleke kwa Kitinda. Nilitaka tu kwamba yule wetu akitafuna, atafune kwa meno yaliyochongwa na mkono wa kwao. Sikudhani kinywa kingesema.

Kitinda asijue lolote mpaka unijibu. Mchunguze kila siku: anakula? Analala? Anaongea na nani? Niandikie yote.

Binti yako

*

Jumatano, 2 Aprili

Kwako,

Barua yako kwa Mama nimeipokea mimi mlangoni. Mshonaji alinikabidhi akitabasamu.

«Kinywa nilikituma mimi.» Mwandiko wako. «Mchunguze kila siku.» Mwandiko wako. «Asijue lolote.» Wako.

Lisemwalo lipo. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni bangi, kama ulivyotaka niamini. Nilikaa siku mbili bila kuvuta, natoka jasho mpaka godoro likalowa, nikijiambia Dada amesoma, Dada hawezi kunidanganya. Kumbe kuna mtu huko kwenu mnamwita «yule wetu», mna neno lenu na namna yenu ya kuzungumza, na mmeniwekea kinywa chake rafuni kinisikilize.

Yeye peke yake ndiye aliyenionya. Sasa nimeelewa wanaohesabu ni nani.

Mama sina ugomvi naye, umemdanganya na yeye. Nimemlinda. Nimefunga jiko, nimefunga maji, zile dawa mnazomtumia nimezichukua. Yuko chumbani kwake. Hatameza kitu humu ndani mpaka niwe na uhakika.

Usiandike tena.

*

Jumamosi, 5 Aprili, saa tatu asubuhi

Kitinda, mdogo wangu,

Barua yako nimeipata sasa hivi. Basi la leo limejaa mpaka mlangoni. Dereva amekubali kubeba karatasi, mtu hakukubali. Mshonaji ataisukuma hii chini ya mlango wako. Mimi ninakuja kesho na daktari, kwa gari la hospitali. Nakwambia mapema ili usiseme nimekuvizia.

Nimempigia mshonaji simu. Anasema Mama amemjibu dirishani kwamba hamjambo, ila sauti yake imekauka. Mama amezoea kusema hatujambo. Usimwamini, na mimi usiniamini. Amini mikono yako, maana hiyo haijawahi kukudanganya.

Tulikuficha jambo. Uliliona, na ulikuwa sahihi. Hukuliota, halikuletwa na moshi. Tumekuficha miaka ishirini na mitano, mimi na Mama, na baba kabla hajafariki.

Baba Mdogo hakwenda ng'ambo. Ni mgonjwa wa akili. Anaishi kwenye hospitali ninayofanya kazi, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Anapenda redio na anaogopa kula. «Usimeze, wanahesabu» ni neno lake. Alilisema mezani kwetu wewe ukiwa na miaka minne, akakunyang'anya kikombe cha maziwa, ukalia. Ulilisikia, ukalisahau, halikukusahau.

Kinywa namba sabini ni chake. Nilikutumia kwa sababu nampenda na nakupenda, na kwa sababu nilikuwa mwoga wa kuwakutanisha kwa njia ya wazi. Hakisikilizi. Ni plasta.

Kwa nini kikuambie neno lake, kabla hujajua ni cha nani? Sina jibu, Kitinda. Kama muuguzi nasema hivi: wewe unasoma vinywa kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kidole chako kilitambua kitu kabla akili haijatambua. Chukua kile kipimo chako cha miguu miwili. Pima kaakaa la namba sabini pale palipochongoka. Kisha jipime lako, uone yanavyofanana.

Ukishapima, mpe Mama maji. Tafadhali. Ana miaka sitini na nane, na siku ya tatu hii. Hata kama unaamini nahesabu, niache nihesabu, mpe maji.

Ninakupenda na nimekukosea.

Dada

*

Jumatatu, 28 Aprili

Kwa binti yangu,

Ulipofika Jumapili ile hukuniuliza kitu, ulinikumbatia tu na kunitazama midomo. Nami sikusema, mdogo wako alikuwepo. Sasa yuko kwenu kwenye matibabu wiki tatu, nyumba kimya, nakuandikia yaliyopita.

Nilikuwa nimelala sakafuni karibu na mlango kwa sababu sakafu ina ubaridi. Alikuwa amekaa upande wa pili, mgongo wake mlangoni. Siku zote tatu hakuondoka hapo, na yeye hakunywa kitu. Alikuwa akiniambia, «Vumilia, Mama, karibu wataondoka.» Hakunipigia kelele hata mara moja. Ndicho kilichoniogopesha. Mtu akikufokea unajua la kufanya, huyu alikuwa ananibembeleza.

Nikasikia karatasi inaburuzwa chini ya mlango wa mbele. Akaenda. Kisha nikasikia anafungua chumba chake cha kazi, na vyuma vyake vinagonga meza. Nadhani alijipima mara nyingi. Baadaye akawa anaongea na kile kinywa. Nilimsikia akikiuliza, «Ni wewe?» Nami mwanangu, nakwambia wewe tu, nilikaa pale sakafuni nikisubiri kijibu. Nilisubiri kwa masikio yangu mawili.

Ufunguo ukazunguka. Aliingia na sufuria ya maji kwa sababu hakuweza kupata kikombe. Akanishika kichwa nikanywa. Kila nilipomeza alifumba macho, kama mtu anayesubiri kipigo. Nilipomaliza akaniuliza, «Mama, kwa nini?»

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua nikiwa hai. Nilidhani nafunika aibu, kumbe nilikuwa namnyima mtoto onyo. Mwambie Mama anaomba radhi. Nitamwambia mwenyewe, lakini wewe nitangulie.

Mama yako

*

Jumatatu, 16 Juni

Dada,

Simu ninayo tena, lakini nimeizoea kalamu. Kwenye simu utasikia nikinyamaza, utaanza kuhesabu sekunde. Samahani. Huo ni mzaha wa wodini, nimejifunza kwa wenzangu.

Niko nyumbani wiki ya pili. Vidonge nameza asubuhi na jioni, Mama akiangalia. Vimeninenepesha, na mikono imekuwa mizito. Jino moja sasa linanichukua asubuhi nzima. Bangi sijavuta tangu Aprili. Wiki mbili za kwanza unazijua, uliniona: jasho, hasira, ndoto. Sasa mgongo unauma kama kawaida, daktari amenipa mazoezi ya kujinyoosha sakafuni, Mama anapita juu yangu akisema nimekuwa mkeka.

Sauti imenyamaza tangu wiki ya tano ya matibabu. Watu wanadhani nafurahi. Nafurahi, ndiyo. Lakini saa nane mchana nakaa mbele ya rafu na hakuna anayeniambia kitu, na nakutobolea siri, ninamkumbuka. Alikuwa mpole.

Meno ya Baba Mdogo nimemaliza, nayatuma kwa boksi pamoja na barua hii. Nilipokuwa wodini nilikaa naye kila jioni. Hakunijua. Alinishika taya tu, akanigeuza usoni kwenye mwanga, akaniachia. Nilimuuliza kama amewahi kuvuta bangi. Muuguzi wa zamu akanijibu badala yake: hajawahi hata sigara.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Kama yeye hakuvuta na aliugua, mimi je? Daktari alinijibu bila kunizungusha, nikamheshimu. Alisema bangi haikuumba kitu kutoka hewani, ilikuta mlango ambao tayari ulikuwa mwembamba, na mimi nilianza kuusukuma nikiwa na miaka kumi na mitano. Alisema wengine wakiacha hupona na hairudi tena. Wengine, wala si wachache, ugonjwa hubaki hata moshi ukiisha. Nikirudia kuvuta najichagulia mwenyewe. Nisiporudia, nisubiri. Hawezi kuniambia mimi ni yupi.

Kwa hiyo nasubiri. Nitajuaje, Dada? Kila mtu akiniita nageuka polepole, nihakikishe ana uso.

Na nikuulize ambalo sikuwahi kukuuliza, kwa vile tumekubaliana hakuna kufichana tena. Damu si moja? Wewe je?

Kitinda

*

Jumatatu, 23 Juni

Mdogo wangu,

Meno yamefika, yamemkaa vizuri. Alikula ugali na mchuzi, kidogo, mbele yangu, na akaomba maji. Wenzangu walisimama mlangoni kutazama. Nimeona nikuanzie na habari hiyo kwa sababu tuliahidiana kutofichana, na najizungusha.

Damu ni moja. Sijawahi kuvuta. Nilipokuwa na miaka ishirini nilisoma kwenye kitabu cha chuo kwamba ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, nikafunga kitabu, nikaenda kukaa chooni. Kitabu kilisema pia kwamba ndugu wengi wa mgonjwa hawaugui kabisa. Nimewasomea familia za wagonjwa mstari huo miaka kumi na tano, nao huondoka wakiwa wamepoa. Mimi haujanipoza. Mama anasema sikuolewa kwa sababu nachagua sana. Aliyeniposa alikuwa mwema, nilimpenda. Sikutaka kuzaa mtoto nikakaa nikimsikiliza.

Umeuliza utajuaje. Nikwambie ninavyofanya mimi. Kila asubuhi, kabla sijawasha taa wala redio, nakaa kitandani nasikiliza. Nasikia bomba la jirani. Nasikia ufagio wa mlinzi. Nasikia gari la kwanza. Kila kimoja nakitafutia mwenyewe: hiki cha fulani, hiki cha fulani. Vikishapata wenyewe wote, naamka nanawa. Miaka kumi na tisa, Kitinda. Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa hili kabla yako.

Leo asubuhi kimoja kimekosa mwenyewe. Mtu aliniita. Mara mbili, kwa jina la utotoni ambalo Mama aliacha kulitumia nilipovunja ungo. Sauti ya mwanamke, karibu. Nilifungua mlango, ukumbi wa nyumba yetu ya wauguzi ulikuwa mtupu, taa zote zinawaka.

Najua ninachoweza kujiambia. Mtu anapoamka akili huchezacheza, hutokea kwa watu wazima wengi na si kitu. Nimekesha zamu tatu. Barua yako nimeilalia chini ya mto. Yote hayo ni kweli, na mgonjwa ningemwambia hivyo hivyo. Lakini mgonjwa pia ningemwambia asikae nalo peke yake, na mimi tangu asubuhi nimekaa nalo, nimevaa sare, nimegawa dawa, nimecheka na watu.

Katika chumba kinachotazamana na changu anakaa muuguzi mwenzangu, naye alikuwepo leo alfajiri. Nikimuuliza kama alisikia mtu akiita, atasema ndiyo au atasema hapana. Nimeketi ukumbini kwenye kiti cha plastiki, naandika kwenye goti, mwanga wa jikoni kwake naouona chini ya mlango. Ni robo saa sasa. Wewe ulifungua mlango ukiwa na sufuria mkononi na wale wote wakikuhesabu. Nami nilikuwa nakuita mgonjwa.

Nimeogopa, mdogo wangu. Nagonga sasa.

Dada yako